Zahanati ya Zamani ya Zanzibar: Ilivyojengwa, ilivyookolewa na kwa nini jirani yake alianguka

Ukishuka boti bandarini Unguja ukaelekea Forodhani kwa miguu, utapita mbele ya jumba refu lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Watu wengi hulipiga picha na kuendelea na safari. Wachache wanajua kwamba jumba hilo liliachwa lioze, na kwamba leo limesimama kwa sababu kuna watu walioamua kulitengeneza kwa chokaa badala ya simenti.

Jengo hilo ni Zahanati ya Zamani. Wenyeji wengine huliita Ithnaashari, na kwenye ramani za watalii utaliona kama Old Dispensary.

Kwa ufupi

- Mahali: barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, Zanzibar, likitazama bahari
- Aliyeagiza lijengwe: Tharia Topan, mfanyabiashara Mhindi
- Jiwe la msingi: 1887
- Lilikamilika: 1894
- Vifaa vikuu: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti na mbao za kuchonga
- Lilikodishwa kwa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan: 1990
- Mji Mkongwe kuingia Urithi wa Dunia wa UNESCO: 2000

Nani alilijenga na kwa nini

Tharia Topan alitoka Kutch, India, akafika Unguja akiwa kijana mdogo asiye na kitu. Alipanda mpaka akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani yote. Alisimamia ushuru wa forodha wa Sultani na alikopesha fedha misafara ya bara, ikiwemo ya Tippu Tip. Kwa hiyo pesa iliyojenga jumba hili ilitokana na biashara ya pwani na bara kwa pamoja: karafuu, pembe za ndovu, nguo, na misafara iliyokwenda hadi maziwa makuu na Kongo.

Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 kwenye kiti. Tharia akaweka jiwe la msingi la hospitali kwa heshima ya sherehe hiyo. Alikufa mwaka 1891, kabla jengo halijakwisha. Kazi ilikamilika mwaka 1894.

Mwaka 1900 mjane wake aliliuza. Likaingia mikononi mwa mfuko wa hisani wa familia nyingine ya Kihindi, ya Khoja Ithnaashari, na hapo ndipo jina lile lilipotokea. Chini ikawa zahanati, juu zikawa nyumba za kupanga. Yaani ni jengo la mjini kamili: duka la dawa na daktari chini, watu wanaishi juu.

Ukuta: mawe ya bahari na chokaa

Sisi wa Kagera tunajua tofali la kuchoma, na wazee wanaijua nyumba ya msonge. Pwani mambo ni mengine. Jiwe la huko ni la matumbawe, yaani jiwe lililotokana na viumbe vya baharini. Ni jepesi kuliko granaiti na lina vitundu vingi.

Kinachoyashika mawe hayo ni chokaa. Nayo inatoka kwenye mawe yale yale. Mafundi walipanga magogo na mawe ya matumbawe kwenye tanuri, wakayachoma, halafu wakayazima kwa maji. Unga uliopatikana ulichanganywa na mchanga na udongo mwekundu ukawa ndiyo udongo wa kujengea na wa kupiga lipu.

Kuta za namna hii ni nene, nusu mita au zaidi. Unene huo una kazi mbili. Kwanza, jiwe lenyewe halikuchongwa likanyooka kama tofali, kwa hiyo ukuta mwembamba usingesimama. Pili, ukuta mnene huchelewa kupata joto, hivyo mchana ndani kunabaki na ubaridi bila feni.

Chokaa haikauki haraka. Inakuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kazi hiyo huchukua muda mrefu. Hata ikishakuwa ngumu, bado inaruhusu unyevu kuingia na kutoka. Shika jambo hili, maana ndilo linaloamua jengo litaishi au litakufa.

Dari: boriti ndiyo inayopanga chumba

Sakafu ya ghorofa hubebwa na boriti, nguzo za mikoko zilizokatwa kwenye maji ya mito ya pwani. Juu yake hupangwa mawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto, halafu hushindiliwa kwa fimbo kwa siku kadhaa mpaka ijae na kushikana.

Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana. Ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kama mita 3 hivi kwa upana, hata kama urefu wake ni mkubwa. Ukiingia nyumba ya zamani ukaona chumba kama korido, usidhani fundi alikosea. Alikuwa anafuata urefu wa mti. Aliyetaka chumba kipana alilazimika kununua mbao kubwa kutoka nje, au chuma, na hiyo ilikuwa kazi ya tajiri.

Mapaa ya awali ya nyumba nyingi za mji yalikuwa bapa. Zanzibar ina masika na vuli, mvua siyo ya mchezo. Mapaa bapa yalivuja, na baadaye nyumba nyingi zikaongezewa paa la bati juu yake.

Roshani, vioo vya rangi na ua wa ndani

Kinachoifanya Zahanati ya Zamani ijulikane ni uso wake. Katikati kuna roshani za mbao zilizotokeza nje, moja juu ya nyingine, zimechongwa kwa ustadi wa mafundi wa Kihindi. Kuna madirisha ya vioo vya rangi, na lipu yenye mapambo yaliyofuata mtindo wa Ulaya wa wakati ule.

Ndani kuna ua uliozungukwa na roshani nyingine za mbao. Ua huo unaleta mwanga katikati ya jengo na unavuta hewa ya joto kupanda juu. Nyumba za Waarabu wa Oman mjini humo pia zina ua wa ndani. Kwa hiyo ndani ya jengo moja unakuta ukuta wa Kiswahili, ua wa Kiarabu, mbao za Kihindi na mapambo ya Kizungu. Mchanganyiko huo ndio uliofanya Mji Mkongwe utambuliwe na UNESCO mwaka 2000.

Linganisha na nyumba ya mjini ya Uingereza

Huenda unajiuliza, jumba la kumheshimu Malkia wa Uingereza mbona halifanani na nyumba za London?

Sababu moja ni moto. London iliungua vibaya mwaka 1666. Sheria ya ujenzi mpya iliyofuata mwaka 1667 ilitaka kuta za nje ziwe za tofali au jiwe. Tangu hapo nyumba ya mjini ya Kiingereza ikawa na uso bapa wa tofali, nyembamba, ndefu kwenda juu, imebanana na jirani pande zote mbili.

Sababu nyingine ni kodi. Kati ya 1696 na 1851 Waingereza walilipa kodi ya madirisha. Wapo walioziba madirisha kwa tofali wasilipe. Ukitembea mitaa ya zamani huko leo utaona alama za madirisha yaliyozibwa.

Zanzibar haikuwa na kodi hiyo wala sheria hiyo ya moto. Jua na joto ndivyo vilivyotawala, na mbao za kuchonga zilileta kivuli na upepo. Lakini jambo moja nyumba hizi mbili zinafanana: zote zinashikamana na jirani. Ukuta wako ndio unaomshika mwenzako. Ukibomoa wako, unamdhoofisha yeye.

Nyumba kulindwa maana yake nini

Uingereza ilianza mfumo wa kuorodhesha majengo kwa sheria ya mwaka 1947. Leo orodha ya England ina takriban maingizo 400,000, yaliyogawanywa kwa madaraja matatu. Mwenye nyumba iliyoorodheshwa bado ni mwenye nyumba. Anaweza kuiuza, kuirithisha na kuishi humo. Ila hawezi kubadilisha dirisha, ngazi au ukuta wa ndani unaoathiri sura yake bila kibali. Akifanya bila kibali ni kosa la jinai.

Zanzibar ina sheria zake na chombo chake: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mpango wa hifadhi wa mwaka 1994 uliangalia mji mzima, nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa. Kutaka kujenga, kuongeza ghorofa, kubadili mlango au kupaka lipu mpya, unaanzia kwa Mamlaka.

Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa moja kwa moja kuwa ni kumbukumbu. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi. Sasa fikiria: majengo yote ya Wajerumani bara ni ya baada ya 1863. Maboma yao, lile la Biharamulo likiwamo, yalijengwa wakati huo. Umri peke yake hauyalindi. Yanalindwa na tangazo, na watu wanaoyajali.

Jengo lilivyoachwa

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, na nyumba nyingi zikawa za serikali. Familia kadhaa ziliwekwa kwenye nyumba moja iliyojengwa kwa ajili ya familia moja. Kila mmoja alitunza chumba chake. Paa halikuwa la mtu.

Na paa ndilo ugonjwa unapoanzia. Bati moja likitoboka, maji yanaingia kwenye ncha ya boriti, pale ilipochomekwa ukutani. Hapo hapaonekani. Boriti inaoza taratibu, mchwa wanamalizia. Siku moja sakafu ya juu inashuka kwenye sakafu ya chini.

Zahanati yenyewe ilibaki bila matumizi, ikaoza mbele ya macho ya kila mtu anayepita bandarini. Mwaka 1990 ikakodishwa kwa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, na katika miaka hiyo ya 1990 ikatengenezwa upya. Likawa mojawapo ya majengo ya kwanza mjini humo kurudishwa katika hali yake, likapewa kazi mpya kama kituo cha utamaduni.

Kazi ile ilikuwa pia shule. Mafundi wa hapo hapo walifundishwa tena kuchanganya chokaa, kurekebisha boriti na kuchonga mbao. Ujuzi huo ulikuwa umeanza kupotea kwa sababu simenti ilikuwa imekuja na kila mtu akaiona ndiyo maendeleo.

Tatizo la simenti

Hapa ndipo wengi wanapobisha. Simenti si ni ngumu zaidi? Ndiyo, ni ngumu. Na ugumu huo ndio tatizo.

Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari. Ukiwa na lipu ya chokaa, unyevu huo unatoka nje wenyewe. Ukiufunika kwa simenti, unyevu unanaswa ndani. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inakua, na lipu inavimba na kubanduka vipande vipande. Ikibanduka inaondoka na sehemu ya ukuta wa zamani, maana simenti imeshika kwa nguvu kuliko ukuta wenyewe unavyojishika.

Mwenye nyumba anaona ukuta umechubuka. Anaita fundi. Fundi anaongeza simenti nyingine, nene zaidi. Ukuta unazidi kulowa ndani, boriti zinazidi kuoza. Pesa imetumika na nyumba imeharibika zaidi.

Mambo mengine yanayoumiza nyumba za mawe:

- Matangi ya maji yaliyowekwa juu ya sakafu za boriti
- Mabomba ya choo yanayovuja ndani ya ukuta
- Kuvunja ukuta wa chini ili kupanua duka
- Kuongeza ghorofa ya matofali ya simenti juu ya ukuta wa chokaa
- Miti midogo inayoota kwenye nyufa za paa

Hakuna hata moja linaloangusha nyumba siku hiyo hiyo. Ndiyo maana watu huendelea.

Jirani aliyeanguka

Kutoka Zahanati ya Zamani hadi Beit al-Ajaib ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, barabara ni ile ile na bahari ni ile ile. Majengo yote mawili ni ya miaka ya 1880 na 1890.

Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe. Ilikuwa na nguzo za chuma zilizobeba roshani pana pande zake, vyumba vya dari ndefu, na taa za umeme zilizowashangaza watu. Ilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Mnara wa saa uliokuwa mbele yake ndio ulioharibika, na baadaye mnara mpya ukajengwa ukiwa umeshikana na jumba lenyewe.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka. Jumba lilifungwa kwa umma. Ukarabati ukaanza, kwa fedha kutoka Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara iliporomoka. Watu wawili walikufa.

Watu wa Unguja waliona picha zile kwenye simu zao kabla ya jioni. Jumba lililokuwa kwenye kadi za posta, vitabu vya shule na kumbukumbu za kila mwanafunzi aliyewahi kupelekwa ziara lilikuwa limebaki kifusi na nguzo zimesimama peke yake.

Tofauti ya majengo haya mawili haiko kwenye uzuri. Zahanati ilipata mtu wa kuitengeneza mapema, na ikapata kazi inayofanya milango ifunguliwe kila siku. Nyumba inayotumika, uvujaji wake unaonekana wiki ile ile. Nyumba iliyofungwa, uvujaji wake unaonekana siku ukuta unapoondoka.

Na majengo yetu ya huku?

Biharamulo kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu nyingi za Kagera kuna makanisa, shule na nyumba za misheni zenye umri wa karne au karibu yake. Siyo matumbawe, lakini kanuni nyingi ni zile zile. Kama unasimamia jengo la zamani, liwe la kanisa, la halmashauri au la ukoo, anza na haya:

1. Paa kwanza. Kabla ya rangi, kabla ya vigae. Kagua kila baada ya masika.
2. Mfereji wa maji. Maji ya mvua yapelekwe mbali na msingi. Yakisimama chini ya ukuta, ukuta unayanywa.
3. Jua ukuta umejengwa kwa nini. Kama ni udongo au chokaa, usikimbilie kuufunika kwa simenti. Tafuta fundi anayejua chokaa.
4. Usitoe ukuta wa ndani bila kujua umebeba nini juu yake.
5. Piga picha za milango, madirisha, kenchi na maandishi ya mwaka. Hizo ndizo zitakazomwongoza fundi wa kesho.
6. Ulizia hadhi yake. Idara ya Mambo ya Kale ndiyo inayoshughulikia utambuzi kwa upande wa bara. Kama jengo halijatangazwa, wananchi na halmashauri wanaweza kulipeleka jina lake.
7. Litumike. Liwe ofisi, maktaba, nyumba ya wageni, chochote kinachofanya mtu afungue dirisha asubuhi.

Zahanati ya Zamani haijapona moja kwa moja. Chumvi ya bahari inaendelea kula rangi, na mbao za roshani zinataka kupakwa tena na tena. Kila kizazi kinalipokea likiwa linahitaji kazi. Kwa sasa bado limesimama pale Mizingani, na ukipita mchana utaona vioo vyake vya rangi vikipokea jua la baharini.